Mnaoghushi barua za serikali na kuziita tashtiti, mnatuponza

Wanajukwaa, nimechoshwa. Kila mara barua ya kughushi yenye nembo ya serikali na sahihi ya waziri inapoenea WhatsApp na kuwatia wazazi hofu kuhusu shule za watoto wao, aliyeitunga hujitetea kwamba ilikuwa tashtiti, yaani kejeli ya kumkosoa mtawala, na kwamba asiyecheka hajui mzaha. Huo si utetezi. Mwenye kufanya tashtiti hutaka msomaji aitambue chuku aliyoitia ili aone ubaya wa mtawala, ilhali mwenye kughushi hupata anachokitaka pale tu msomaji asipotambua kitu.

Tazameni picha za kivuli ambazo Kibet Bull, mchoraji wa vibonzo wa Kenya, alikuwa akimchora Rais Ruto. Hazikumdanganya mtu yeyote: kila aliyeziona alijua ni mchoro, na alijua lawama inamwendea nani. Hata hivyo kijana huyo alitekwa Desemba 2024, akaachiliwa Januari 2025 baada ya watu kuandamana. Hakuna kibonzo kinachohalalisha mtu kutekwa, hata kiwe kichungu namna gani, na walioshangilia utekaji ule eti vijana wanafunzwa adabu wanapaswa kuona haya. Tanzania nako, mchekeshaji Idris Sultan alishikiliwa na polisi Oktoba 2019 kwa picha alizobadilishana sura na Rais Magufuli, mzaha ambao hata mtoto asingeudhania kuwa habari.

Hao ndio mnaowaponza. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni, katika kifungu cha 23, iliweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayechapisha habari za uongo, na kila barua mnayoighushi inampa anayeitetea sheria hiyo mfano wa kuonyesha, kisha rungu linamwangukia mchoraji ambaye hakusema uongo wowote.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni mnavyowatendea wanasiasa wanawake. Mwanamume akichorwa, huchorwa akitafuna fedha za umma. Mwanamke, hasa tangu akili unde (AI) ianze kutengeneza picha kwa sekunde chache, huvuliwa nguo. Ni uamuzi gani wake, ni kura gani aliyoipiga bungeni, inayokosolewa na picha ya utupu ya kubuni? Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya, ile ile mnayoikimbilia mkiulizwa, inamtaka kila anayetumia uhuru wa kujieleza aheshimu haki na sifa za wengine. Someni hadi mwisho wake.

Ninawataka waliosambaza barua na picha hizo wazifute, waandike pale pale walipozisambaza kwamba zilikuwa za kughushi, kisha waje hapa watueleze ni kosa gani la mtawala walilokuwa wakilifichua.