Yule bwana wa "njoo, njoo" kanipandisha juu ya jiwe, halafu ananiuliza nilikuwa nafuata nini!

Wakuu, naandika nikiwa bado na tope masikioni, kwa hiyo mtanivumilia.

Mnamjua. Msijifanye hammjui. Yule mwenye redio mbili kiunoni, filimbi shingoni na glavu ambazo hazijawahi kushika hata koleo. Kila msafara wetu wa magari ya porini anajiteua yeye kuelekeza magari, na akishajiteua hata tingatinga halimtoi pale.

Leo tumefika kwenye kile kipande cha mawe kinachopanda huku kinakata kona. Ndani ya gari sioni kitu. Boneti imeinuka, mbele ni mawingu tu, na chini ya mawingu kuna kofia na mikono miwili ya yule bwana. Hapo dereva unakabidhi roho yako kwa mtu. Huchungulii dirishani, humsikilizi abiria, macho kwa anayekuelekeza basi. Nimeweka foo-wili nzito, yaani tairi zote nne zinavuta polepole kwa nguvu, gia ya kwanza, mafuta nayagusa kama mtu anayegusa jipu.

"Njoo. Njoo. Njoo." Nakuja. "Kata. Kata yote." Nakata yote. "Nyoosha." Nanyoosha. Mara anapunga mkono wa kulia, haraka haraka, mbele ya uso wake, kama anayesema pita, pita, pita! Mimi ni nani nisipite? Nikakanyaga.

WAKUU. ALIKUWA ANAFUKUZA NZI.

Tairi la mbele upande wa abiria likashuka kwenye shimo la kuzikia ukoo mzima. Difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, ikakaa juu ya jiwe kwa mlio ambao nina hakika marehemu babu yangu aligeuka. Gari likainama mpaka nikawa namwona abiria wangu kwa chini, kama niko ghorofani naye yuko uani anaanika nguo. Usukani ukajizungusha wenyewe ukanichapa dole gumba. Limevimba, sasa hivi nachapa kwa kidole kimoja.

Na nzi ningemsamehe! Nzi ni kiumbe. Lakini yule bwana akaja polepole, akainama, akaitazama difu, akanitazama mimi niliyening'inia kwenye mkanda kama popo, akasema: "Kwani ulikuwa unafuata mkono wangu?"

Nirudie kwa waliochelewa. Mtu amesimama mbele ya gari langu. Kazi yake ni mikono. Hana kazi nyingine duniani saa ile. Kisha ananiuliza kama nilikuwa nafuata mkono wake. Nifuate nini, goti?

Tumetumia saa mbili kutoka pale. Jeki, mawe chini ya tairi, jeki tena, mwishowe winchi, ile mashine ya kulivuta gari kwa waya. Kabla ya winchi alitaka kwenda upande gari lilikoinamia alizuie kwa bega. Gari la tani mbili na nusu, kwa bega! Na waya ulipokazwa akaja akaupanda mguu huku na huku kama amepanda baiskeli, tukamfukuza kwa kelele. Waya ule ukikatika unarudi kama kiboko, yeye anauliza filimbi yake iko wapi.

"Kwani ulikuwa unafuata mkono wangu."

Nimemaliza. Hapana, sijamaliza. NZI!

Sampo Imetoboka: Pole mkuu. Ila tusihukumu haraka, nzi naye aitwe tusikie upande wake.

Kokoto Kubwa: Mleta uzi, swali moja tu. Kabla hujapanda, mlikubaliana ishara? Mlishuka mkatembea kwa miguu mkaonyeshana tairi hili lipite hapa, ngumi iliyofungwa ni simama, viganja hivi ni njoo? Hiyo ni kazi ya dakika tano. Najua jibu. Ulikaa kwenye kiti unasikiliza muziki.

Mleta uzi: Muziki ulikuwa mdogo.

Mvunja Springi: Na dole gumba lilikuwa ndani ya usukani, si ndiyo? Kwenye mawe dole linakaa nje, juu ya duara, pamoja na ndugu zake. Tairi likigonga jiwe usukani unarudi na nguvu zote. Mimi langu lilivunjika, sasa linatabiri mvua.

Mleta uzi: Dole si mada! Mada ni nzi!

Tope Nusu: Afadhali wako alikuwa mmoja. Mimi safari iliyopita nilikuwa na wanne. Wa kwanza anasema njoo, wa pili simama, wa tatu kata, wa nne anarekodi video na ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Nikawatii wote kwa zamu. Bampa ya mbele sasa inakaa sebuleni.

Kulia Kwa Nani: Ugonjwa mkubwa ni hiyo "kulia, kulia". Mtu amesimama ananitazama, kulia kwake ni kushoto kwangu, na hajasema anatumia kulia kwa nani. Sisi tuliacha. Tunasema "kata dereva" au "kata abiria", kwisha habari. Ugomvi ndani ya gari umepungua nusu. Nusu iliyobaki ni ya ramani.

Mama Gia Nzito: Wangu ananielekeza kwa kidevu. KIDEVU. Halafu anasimama nyuma ya gari kwenye mwinuko, yaani nikiteleza yeye ndiye breki. Siku hiyo nilikanyaga breki, nikavuta handibreki, nikakunja mikono. Anapiga kelele mbona husogei. Nikamwambia nisipokuona nimesimama, hata ikibidi tulale hapa. Alinuna siku tatu. Bado tunadaiana.

Sampo Imetoboka: Dada, siku hiyo ndiyo alipojifunza kuelekeza kwa kidevu ama alizaliwa nayo?

Mama Gia Nzito: Ni ya ukoo.

Pingu ya Chuma: Mnalia nzi na videvu. Mimi nilikwama topeni, akaja msaidizi na kamba yake nzuri mpya, akaifunga kwenye kile kichwa cha chuma cha kukokotea trela. Nikashuka nikakimbia. Nililikimbia gari langu mwenyewe! Kile kichwa hakikutengenezwa kunasua gari topeni. Kikikatika kinaruka na kamba kama kombora, na watu wameshakufa hivyo. Yeye ananiita mwoga. Nikamwambia ndiyo, na mwoga huyu ataendelea kukaa nyuma ya ule mti mpaka ufunge kwenye ndoano ya fremu.

Mleta uzi: Pole. Tukirudi kwenye nzi...

Mzee wa Upepo: Nimesoma uzi wote na maoni yote. Hakuna mahali mleta uzi ametaja upepo wa tairi. Ulikuwa na ngapi?

Mleta uzi: 32. Lakini hilo halihusiani na

Mzee wa Upepo: THELATHINI NA MBILI! Kwenye mawe! Nzi yuko huru, aachiwe aende nyumbani kwake. Huo ni upepo wa lami ndugu yangu. Unashusha mpaka 20, tairi linalala kidogo, linalikumbatia jiwe badala ya kuligonga. Wewe ulipanda pale na mipira minne ya kikapu.

Kokoto Kubwa: 20 bado nyingi. 18.

Mvunja Springi: Inategemea uzito na tairi. Gari lenye mzigo ukishuka hivyo ubavu wa tairi unakutana na jiwe kali, unachanika, na ubavu hauzibiki njiani.

Tope Nusu: Mimi natumia 15.

Mzee wa Upepo: 15 ni ya mchanga, na uende polepole bila kukata kona ghafla, la sivyo tairi linachomoka kwenye rimu. Nani alikwambia 15 kwenye mawe?

Tope Nusu: Yule bwana.

Pingu ya Chuma: Mwenye filimbi?

Tope Nusu: Huyo huyo. Alinyoosha vidole nikahesabu.

Sampo Imetoboka: Una hakika hakuwa anafukuza nzi?

Mleta uzi: ASANTE. Angalau mmoja ananielewa. Sasa kama nilivyokuwa nasema, alikuja polepole, akainama...

Kulia Kwa Nani: Samahani nikatize. Tukiwa kwenye upepo, kuna mtu aliazima kipimo changu cha tairi safari ile ya mvua. Kina kamba nyekundu. Sijasema ni nani.

Mzee wa Upepo: Kipo kimoja kwenye sanduku langu, ila kina ufa kwenye kioo. Hakiwezi kuwa chako.

Kulia Kwa Nani: Changu hakikuwa na ufa.

Mzee wa Upepo: Ndiyo maana nasema si chako.

Kulia Kwa Nani: Kamba yake rangi gani?

Mzee wa Upepo: Ilikuwa nyekundu.

Mama Gia Nzito: "Ilikuwa"?

Kulia Kwa Nani: Mzee, nafungua uzi wangu mwenyewe sasa hivi.