Darasa la pili, watoto 84, vitabu vya picha 14: nianzie wapi?

Mwl wa Pwani

Walimu wenzangu habari za jioni, na wakubwa wangu shikamooni.

Nafundisha darasa la pili kwenye shule moja ya pembezoni mwa jiji la Tanga, upande wa barabara ya Pangani. Kwetu ni Singida, huku nina mwaka wa pili. Darasani nina watoto 84. Wengi baba zao ni wavuvi. Nyumbani wanazungumza Kidigo, Kibondei, na Kiswahili cha huku chenye maneno ambayo sikuwahi kuyasikia chuoni.

Mwezi uliopita, nikitafuta chaki kwenye kabati la ofisi, nilikuta boksi la vitabu vya hadithi vya picha. Vipo 14, kila kimoja nakala moja. Ni vipya kabisa, vingine kurasa bado zimegandana. Nikaambiwa vimefungiwa ili visichanwe. Nikaomba kimoja, nikaingia nacho darasani.

Nilisimama mbele, nikasoma ukurasa wa kwanza, nikawageuzia waone picha, nikasoma wa pili. Wa mbele waliona. Wa nyuma wakapanda juu ya madawati, wakaanza kusukumana, na kufika ukurasa wa tano sikuwa na darasa tena. Kitabu chenyewe ni cha nje, kimetafsiriwa, kuna mtoto anacheza kwenye theluji. Nikauliza, hiki cheupe ni nini? Wakajibu kwa pamoja: chumvi! Huku kuna mashamba ya chumvi, weupe ule wanaujua. Nikasema hapana, ni theluji, nikaendelea kusoma.

Usiku jibu lile likanirudia. Walikuwa wameitazama picha vizuri, wakaieleza kwa wanachokijua, na mimi nikawakatisha kwa neno moja. Sijapenda nilivyofanya.

Naomba msaada wa mambo mawili. Nakala moja kwa watoto 84 naitumiaje? Halafu natamani kuwaingizia mashairi mafupi, ila mwenzangu ofisini ananiambia mashairi ni ya darasa la tano, hawa wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) wamalize silabi kwanza. Nyie mnasemaje?

Mama Wawili, Muheza

Pole kaka. Usiwasomee 84 kwa mara moja, hata mimi siwezi. Mimi nagawa makundi manne. Kundi moja linakuja kwenye mkeka, mengine yana kazi ya kuandika au kuchora. Hadithi moja inanichukua wiki nzima, na wanaosubiri zamu yao hamu ndiyo inazidi, maana wenzao wanawasimulia vipande vipande. Mkeka utandike chini ya mwembe kama mnao. Na wewe ukae chini, usisimame. Ukisimama wanaona kidevu chako tu.

Bibi wa Chumbageni

Marahaba mwanangu. Nimestaafu 2016. Nimekaa darasani miaka 34, mingi kati ya hiyo darasa la kwanza na la pili, hapahapa Tanga. Nitakujibu kwa urefu kidogo, univumilie, maana jambo hili liko moyoni mwangu.

Hiyo chumvi yao ilikuwa ndiyo somo lako. Siku nyingine wakisema chumvi, uliza: mmejuaje? Mmoja atasema nyeupe. Mwingine atasema, mbona huyu mtoto kavaa sweta na kofia, shamba la chumvi kuna jua kali? Hapo tayari wanasoma. Kusoma picha ni kutafuta ushahidi kwa macho, na mtoto ambaye bado herufi zinamtoa jasho anaweza kuifanya kazi hiyo sawasawa na yule anayesoma harakaharaka. Neno theluji lije mwisho, wakishaona wenyewe kuwa chumvi haiingii.

Nilikuwa nafanya hivi. Nakata kipande cha karatasi, nakibana kwa kibanio juu ya maandishi ya kila ukurasa. Siku ya kwanza kitabu kinasemwa kwa picha peke yake. Sisomi hata neno. Nauliza tu: nani huyu, anatazama wapi, nini kimejificha nyuma ya mlango? Kabla sijafunua ukurasa nasimama. Kile kituo kabla ya kufunua ndicho utamu wa kitabu cha picha, usikipite mbio. Waache wabuni kitakachokuja. Siku ya pili natoa vikaratasi, tunasoma maneno, na watoto wanayadai kama madeni: “Mwalimu, mbona hawajamtaja paka? Paka yumo!” Ndiyo, paka yumo kwenye picha na hayumo kwenye maandishi. Mchoraji ana yake ya kusema na mwandishi ana yake, na mtoto akilitambua hilo hatakitazama kitabu vilevile tena.

Sasa mashairi. Huyo mwenzako anataka silabi kwanza. Mwambie mizani ni nini kama si silabi? Shairi la Kiswahili tangu asili linahesabiwa kwa silabi. Mshororo, yaani mstari, wa utenzi una mizani 8. Shairi la tarbia, lile la mishororo minne kila ubeti, mshororo una 16, nane ukwapi (nusu ya kwanza), nane utao (nusu ya pili). Kile tunachomwimbisha mtoto, ba be bi bo bu, ndicho malenga anachokihesabu vidoleni. Mtoto wa darasa la pili anayepima mshororo anafanya kazi ya KKK mara mbili, kusoma na kuhesabu, na anaifanya kwa furaha.

Tumia kokoto. Kila kikundi cha watoto sita kiwe na kokoto 8. Tamka neno, kila silabi weka kokoto moja. Utashangaa yatakayoibuka. Nilikuwa na watoto wanaoandika “toto” wakitaka “mtoto”. Nimesahihisha kwa wino mwekundu mpaka nimechoka. Siku tulipoweka kokoto, m-to-to, zikawa tatu, ile m ikapata kokoto yake peke yake, na wengi wao hawakuisahau tena. Halafu wakaniletea ugomvi mtamu: kwa nini mbuzi ana kokoto mbili, mbu-zi, na mbwa naye ana mbili, m-bwa? Hawakuuliza hivyo kwa sababu nimewafundisha sauti mwambatano, zile herufi zinazotamkwa pamoja. Walisikia kwa masikio yao kwamba ile m ya mbwa inasimama na ile ya mbuzi haisimami.

Na wewe upo njia ya Machui, mwanangu. Shaaban Robert alizaliwa huko Vibambani mwaka 1909, akafariki 1962, na kaburi lake lipo Machui. Watoto wako wanapita karibu yake wakienda kwa bibi zao. Wanayasikia maneno ya Kimtang’ata, Kiswahili cha huku kwetu, majumbani. Ushairi kwao ni jirani. Usiwangojeshe mpaka darasa la tano.

Mzazi Mdadisi

Naheshimu mchango wa mwalimu mstaafu, ila tuseme ukweli. Mwanangu yuko darasa la pili, kusoma aya moja ni shida. Kipindi chenyewe ni kifupi. Tukianza kokoto na picha, lini watajua kusoma? Darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa, hawataulizwa paka yuko wapi.

Bibi wa Chumbageni

Nakuelewa baba, na wasiwasi wako ni wa haki. Sikusema aache kufundisha herufi. Asubuhi ni herufi na silabi kama kawaida, kila siku ya Mungu. Lakini muulize mwanao akusomee ile aya halafu ikunje karatasi, umuulize imesema nini. Wengi wanaokwama hapo macho yao yanapita juu ya maneno na hakuna picha inayokuja kichwani. Kitabu cha picha kinamzoesha kwamba maandishi yana kitu ndani yake. Upimaji nao una maswali ya ufahamu, na hapo ndipo wanapoangukia. Jaribu nyumbani leo usiku. Chukua kitabu chochote chenye picha, mwache yeye akusimulie wewe.

Mvuvi wa Maneno, Pangani

Kuhusu uhaba wa nakala: tengenezeni vyenu. Sisi darasa la tatu tulitengeneza kitabu cha mkonge. Niliwasimulia habari za Richard Hindorf, Mjerumani aliyeuleta mkonge huku mwaka 1893. Iliagizwa miche 1,000 kutoka Florida, safari ikawa ndefu, iliyofika hai ni 62. Nikawauliza, miche 62 mtaichoraje? Nilidhani watachora mitatu minne. Wakasema lazima yote 62 ionekane, isije ikawa tumewaongopea wasomaji. Wakagawana, kumi kumi kila ukurasa, na ukurasa wa mwisho miwili iko peke yake katikati ya karatasi nyeupe. Mimi nisingewaza hivyo. Ile miwili inakugusa kuliko yote.

Karatasi ni manila iliyokatwa nusu, maandishi ni makapeni, na tumeshona kwa uzi wa katani. Kinatimiza mwaka wa pili na hakijaachia hata ukurasa. Gundi na selotepu kwa hewa yetu hii ya chumvi hazidumu.

Mwl wa Pwani

Nimerudi baada ya wiki tatu kutoa taarifa. Asanteni sana nyote, na bibi wa Chumbageni shikamoo kwa mara nyingine.

Nimefuata makundi ya mama wa Muheza, kundi moja mkekani chini ya mkungu, wengine wanachora. Nimefunika maneno. Nimesimama kabla ya kufunua. Kuna msichana mmoja ambaye tangu Januari sijamsikia sauti darasani. Kwenye picha ya soko alisogea mpaka akagusa ukurasa kwa kidole, akasema: “Huyu mama anauza, lakini anamtazama mtoto wake asipotee.” Nikatazama upya, ni kweli, macho ya yule mama hayako kwenye nyanya. Kitabu kile nimeshakisoma mara nne na sikuwahi kuona.

Juzi tukaingia kwenye ushairi. Tulikuwa na picha ya chombo kinatoka pwani. Nikasema tutunge ubeti mmoja, mishororo minne, kokoto 8 kila mmoja. Mtoto akatoa: “Jahazi laondoka.” Wakapanga kokoto, ja-ha-zi-la-o-ndo-ka, ikabaki moja mkononi. Kimya. Kila mmoja anaitazama ile kokoto iliyobaki. Kisha wakati mmoja kutoka pande mbili tofauti: “Linaondoka!” Wakaweka, zikatimia.

Wa pili ukaja “Babu ameweka tanga”. Mizani 8, sawa, ila kina, ile silabi ya mwisho, hakikubali. Nikawauliza neno gani liende mwisho, wakapindua wenyewe: “Babu tanga ameweka.” Nikaandika ubaoni, nimefurahi, nimeshageuka kuendelea. Mtoto mmoja wa mvuvi, ambaye kwenye imla hupata mbili au tatu kati ya kumi, akanyoosha mkono. “Mwalimu, tanga haliwekwi. Linatwekwa.” Mimi neno hilo sikulijua. Nikamwomba atuoneshe. Akasimama katikati ya mkeka, akashika kamba isiyoonekana, akavuta kwa mikono miwili, mkono juu ya mkono, uso umeinuliwa kufuata tanga linavyopanda. Darasa zima likafanya naye. Nikafuta “ameweka”, nikampa chaki aandike mwenyewe. Aliandika “ametweka”, polepole, na kwenye “twe” akasimama, akawaangalia wenzake, wakamwambia kokoto moja, t, w, e, zote kokoto moja. Akaandika sahihi.

Ubeti wao ni huu:

*Jahazi linaondoka*
*Babu tanga ametweka*
*Upepo umetushika*
*Pemba tutafika lini*

Nimeupima mwenyewe usiku, kila mshororo nane. Sijagusa neno. Nimemwonesha yule mwenzangu wa ofisini, akausoma kimya, akaniuliza kokoto nimezitoa wapi. Mwalimu mkuu amekubali vile vitabu vitoke kabatini Jumanne na Alhamisi, na nimemwahidi kuwa nitavihesabu vyote 14 kila jioni.

Sasa nataka kushona kitabu cha ubeti huu, mshororo mmoja kila ukurasa, wao wachore. Katani nimepata kwa mzazi. Sindano niliyonayo ni ya nguo, inapinda kwenye manila. Ni sindano gani inafaa, na mjini naipata wapi? Na bibi, wakitaka ubeti wa pili, ile “lini” ya mwisho tunaifanyaje?

Bibi wa Chumbageni

Mwanangu, nimeusoma kwa sauti hapa barazani na majirani wamesikia.

“Lini” ni bahari yenu, yaani kina cha mwisho wa kila ubeti. Mishororo mitatu ya kila ubeti inaweza kubadili kina, lakini wa nne urudi kwenye “ni” mpaka utenzi uishe. Watafutie maneno kwenye picha: pwani, ngalawani, mawimbini. Watayapata kabla yako.

Sindano unayotaka inaitwa shazia. Nenda soko la Mgandini kwa wauza magunia na mikeka, uwaambie ni ya kushonea vitabu vya watoto. Chukua mbili, moja itapotea. Na yule mtoto wa “ametweka” mpe yeye ukurasa wa tanga.