Naomba ushauri: niiondoe rangi nyekundu mezani?

Habari zenu wakuu. Kila Jumamosi najitolea kuchora na watoto wanaotibiwa saratani, wodi moja hapa Dar. Si mtaalamu wa saikolojia, ni mwalimu wa sanaa tu, hivyo mnivumilie.

Shida ni nyekundu. Kati ya dawa wanazotundikiwa ipo doksorubisini, nyekundu kabisa kama juisi ya rozela, na hata mkojo huwa mwekundu baada ya hapo. Wiki iliyopita nilimimina rangi nyekundu kwenye kisahani, binti mmoja akafumba macho, akaanza kutapika. Wala hakuwa ameigusa! Tangu hapo naificha kwenye mkoba. Lakini kuna kijana mwingine huiulizia hiyohiyo: anapaka karatasi nzima, anaikunjakunja, anaitupa huku anacheka. Nikimnyima naona namwonea.

Je, niiweke pembeni anayeitaka afuate mwenyewe, au niiondoe kabisa? Na mtoto akijaza karatasi weusi mtupu, nimwulize au nikae kimya? Mama mmoja aliniambia nyeusi ni mkosi, akamshikisha mwanawe njano. Sikupenda, ila nilinyamaza. Mama mwenyewe sijui hajalala siku ngapi.

Jingine dogo: baadhi yao vidole vina ganzi kwa sababu ya vinkristini, dawa nyingine ya saratani, brashi nyembamba zinawaponyoka. Nimewapa sponji za kuoshea vyombo, kila mtoto na yake mpya maana kinga zao ziko chini. Kuna mwenye njia bora zaidi?