Iron & Wine: kauza roho au kakua tu?

Wakuu, hivi huyu Sam Beam, mwanamuziki wa Marekani anayejiita Iron & Wine, ilikuwaje? Albamu ya 2002 karekodi mwenyewe home, gitaa na banjo, anaimba kwa kunong'ona mpaka unaongeza sauti, halafu ya 2011 unakutana na saksafoni, vinanda, waitikiaji kibao, yani redio kabisa. Kauza roho?

— Hajauza kitu mkuu, 2007 kwenye albamu ya The Shepherd's Dog midundo ilishajaa, we uliiruka hiyo ndo maana umeshtuka.

— Hiyo ya 2011 si ndo katoka lebo ndogo ya Sub Pop akaenda lebo kubwa ya Warner? Ikaingia namba 2 kwenye chati ya albamu ya Billboard, Marekani. Hela hiyo 😂

— Hela sawa, ila mashairi yake bado fumbo tupu. Mi saksafoni tu ndo inanikera, inaingia kama mgeni asiyepiga hodi.