SSD za bei nafuu zisizostahimili kuandikwa sana: tununue au tuziache?

Mwalimu wa Arua: Maabara ya shule ina kompyuta 20 zenye diski za kuzunguka, nzito kuwaka mpaka kipindi kinaisha. Pesa iliyopo inanunua SSD (diski za chipu, zisizozunguka) za aina ya QLC, ya bei nafuu, kwa kompyuta zote, au za aina ya TLC kwa kompyuta 15. Muuzaji ametuonya kwamba QLC zinachoka mapema. Mimi nasema zote 20 zipate. Anayepinga alete hesabu.

Fundi wa Wandegeya: Napinga. QLC inabana biti 4 kwenye seli moja, yaani kijichumba cha kuhifadhia data, kwa hiyo kontrola, chipu inayoiongoza diski, lazima itofautishe viwango 16 vya volti. TLC ni biti 3, viwango 8. Nafasi kati ya kiwango na kiwango ikiwa nyembamba hivyo, seli ikichakaa kidogo tu makosa yanaanza. Seli ya QLC unaiandika mara 100, basi. Mafundi vijana wanazisifu kwa sababu wanajua mteja atarudi.

Kijana wa Ntinda: Mzee wangu, kwa heshima zote, hilo la "mteja atarudi" ni tusi. Na hiyo 100 umeichanganya na TBW, yaani terabaiti ambazo dhamana inaruhusu kuandika. Intel 660p ya mwaka 2018, ile ya gigabaiti 512, ilikuwa na TBW 100. Hiyo ni kuijaza diski nzima karibu mara 195, na hapo kinachoisha ni dhamana. Diski haifi siku hiyo. Mwanafunzi akiandika gigabaiti 20 kila siku, Jumapili na likizo zikiwemo, ni terabaiti 7.3 kwa mwaka. Miaka 13 na ushee! Kompyuta yenyewe itakuwa imeshatupwa.

Fundi wa Wandegeya: Kuhusu 100 nimekosea, nakubali. Lakini tusi hulioni kwa anayemwambia mwalimu "nunua tu" bila kumwonyesha kasi. Samsung 870 QVO ya terabaiti 1, nayo ni QLC, ina kache, sehemu ya kasi inayopokea data kwanza, ya gigabaiti 42. Ukiijaza hiyo bila kupumzika, kasi ya kuandika inashuka mpaka megabaiti 80 kwa sekunde, chini ya diski nyingi za kuzunguka. Hilo kwenye boksi wanaandika kwa herufi ndogo.

Kijana wa Ntinda: Nani maabarani ananakili gigabaiti 42 kwa mkupuo?

Kamera za Jinja: Maabarani hakuna, kwenye kamera za ulinzi yupo, saa 24. Kamera 8, kila moja megabiti 4 kwa sekunde, ni megabaiti 4 za kuandika kila sekunde. Zidisha: gigabaiti 345 kwa siku, terabaiti 126 kwa mwaka. Hiyo QVO ya terabaiti 1 ina TBW 360, haifikishi miaka mitatu. Ile ya TBW 100 haimalizi hata miezi kumi. Wateja wanaambiwa "SSD ni SSD" wanakubali. Kwa kamera nunua diski ya kuzunguka iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Mwalimu wa Arua: Ndugu zangu, sikuuliza kamera.

Mhasibu wa Sacco, Mbale: Mnabishana seli wakati kinachoua diski hapa ni umeme. Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha katikati ya kazi, data iliyokuwa njiani inapotea, na ramani ya diski yaweza kuharibika. Kesho yake BIOS, programu inayoiamsha kompyuta, haiioni kabisa. QLC ndizo zinakufa hivyo.

Kijana wa Ntinda: Dada, umeme ni kweli, lakini QLC unaisingizia. Kinachookoa data umeme ukikatika ghafla ni kapasita maalumu ndani ya diski, na karibu diski zote za nyumbani hazina kapasita hizo, TLC zikiwemo. Ukitoka QLC kwenda TLC kwa sababu ya umeme, umelipa bure.

Mhasibu wa Sacco, Mbale: Usinifundishe kama mtoto. Basi mwambie mwalimu aweke UPS, betri ya akiba ya umeme, kwa sababu kompyuta za mezani hazina betri. Hilo hakuna fundi hata mmoja aliyelisema hapa. Wote mnahesabu terabaiti.

Fundi wa Wandegeya: Mama kasema kweli. Na mimi naongeza: hizo 20 zipimwe kabla ya kulipa salio. Kopi zimejaa mjini, boksi linasema gigabaiti 512, ndani ni 64 iliyodanganywa. Endesha programu ya kupima ya H2testw, au f3 kwenye Linux: inaijaza diski yote kisha inaisoma tena. Terabaiti 1 kwa megabaiti 80 ni saa tatu na nusu, kwa hiyo iache ifanye kazi, usikatize. Halafu fungua CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha hali ya diski, uangalie saa ilizowashwa. Diski "mpya" yenye saa 9,000 rudisha hapo hapo.

Kijana wa Ntinda: Hapo mzee tuko pamoja. Na usiamini jina la modeli peke yake. Crucial P2 ilianza na TLC, mwaka 2021 ikabadilishwa kuwa QLC, jina likabaki lile lile.

Fundi wa Wandegeya: Ndiyo maana nilisema wateja wanadanganywa.

Kijana wa Ntinda: Uliwasema na mafundi vijana kwamba wanataka mteja arudi, mzee. Hilo bado hujalifuta.

Mwalimu wa Arua: Kompyuta zina RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, gigabaiti 4. Kuna anayejua kama hilo linabadilisha hesabu ya gigabaiti 20?

Kamera za Jinja: Linabadilisha sana. RAM ikijaa, Windows inahamishia kwenye diski, na kivinjari chenye tabo kumi kinaandika mchana kutwa. Weka gigabaiti 8 kwanza. Zima haibanesheni, ule usingizi mzito wa kompyuta, maana kila inapotumika inamwaga RAM kwenye diski. Acha robo ya diski wazi ili kontrola ipate pa kuhamishia data na kache isibanwe.

Mhasibu wa Sacco, Mbale: Na matokeo ya mitihani msiyahifadhi kwenye SSD iliyofungiwa kabatini. Chaji huvuja taratibu diski ikikaa bila umeme, na iliyochakaa huvuja zaidi. Tumieni diski ya kuzunguka. UPS je, Mwalimu, umeshaulizia bei?

Mwalimu wa Arua: Bado. RAM, UPS na SSD kwa pamoja, pesa inafika kompyuta 12.

Fundi wa Wandegeya: Za QLC au TLC?