Tupeane uzoefu: nini kilikuingiza kwenye biashara ya halali hapa Mwanza?

Wakuu, habari za jioni.

Naanza mimi. Nina banda la chipsi kuku Nyegezi, jirani na stendi. Ni Mkristo, na hili neno halali nilikuwa naliona la wenyewe. Siku moja abiria wa Bukoba akaagiza robo mbili, kabla sijashika kisu akauliza, "Kaka, kuku hawa kachinja nani?" Nikabaki namtazama. Nilikuwa nawanunua sokoni wameshanyonyolewa, ningejuaje? Akachukua soda akaondoka, na wenzake watatu nyuma yake. Usiku nikala robo moja kwa hasira. Kesho yake nikatafuta kijana wa msikitini, sasa kila alfajiri anachinja hapa hapa nikiona.

Kwa hiyo kwangu ilikuwa pesa, sisemi uongo. Nyie je?

Mama Vitumbua (Kirumba)
Afadhali wewe mwanangu umesema kweli. Mimi Muislamu wa kuzaliwa, nyama ya sambusa nanunua kwa mtu ninayemjua. Lakini mtaji ulikuwa wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Marejesho kila Jumatatu, kwa hiyo Jumapili silali. Nilipokwama wiki mbili wakaja kubeba friji, mwanangu wa darasa la tatu kasimama mlangoni anaangalia. Ndipo nikajiuliza, hivi nawalisha watu halali kwa pesa ya riba? Sasa tuko wanawake kumi na wawili, tunachanga, anayechukua anarudisha kilekile, hakuna nyongeza. Inakwenda polepole mno. Friji bado sijapata.

Mtu wa Mwaloni
Sisi wa dagaa tulijiona tumemaliza. Samaki hachinjwi, vya majini vimehalalishwa, Al-Maida aya ya 96, nani atakuuliza tena? Mpaka nilipompelekea mteja wa Unguja magunia sita. Akapiga simu: "Shekhe, umeniuzia dagaa au ufukwe?" Walikuwa wameanikwa mchangani kule visiwani. Yeye ndiye aliyenisomea Al-Baqara 168, kwamba chakula kiwe halali na kiwe kizuri pia. Aibu iliniuma kuliko hasara. Unamlisha mtu mchanga halafu unajiita wa halali!

Tangu hapo nanunua dagaa wa chanja tu, walioanikwa juu ya vichanja, ingawa bei yao iko juu, na nimeanza kuwakaanga na kuwafunga kwenye pakiti. Sasa maswali ndiyo yamezaliwa: mafuta gani, hiki kiungo cha kununua kimechanganywa na nini. Ukitaka cheti cha halali cha BAKWATA jiandae kuyajibu hayo. Na alama ya ubora ya TBS, wale wa viwango, ni safari nyingine kabisa, msidhani moja linabeba lingine.

Bucha Igoma
Nimerithi bucha ya baba. Wanaokumbuka Buseresere kule Geita 2013, ugomvi wa nani achinje ulivyofika hadi mtu kupoteza maisha, wanajua kwa nini sitaki utani. Mchinjaji wangu anajulikana mtaa mzima. Nimemaliza.

Mchokozi
Wengine mmepaka HALAL kwa rangi ya kijani ukutani na kibla hamjui iko upande gani. Mleta mada, na kile kitimoto cha Jumamosi? Banda lako nalifahamu 😂

Mleta mada
Mkuu, umenishika pabaya. Ni kweli, wikiendi nilikuwa nakaanga kitimoto, karai lilelile. Kijana alipogundua akaweka kisu chini. Akasema hachinji kuku wa kwenda kuogelea na nguruwe. Nikanunua karai jipya, kitimoto nikaacha. Wateja wa Jumamosi, ambao wengine tunasali nao, wameninunia mpaka leo. Na niseme ukweli, hawa wa stendi hawajaziba pengo lote, maana basi likichelewa kuingia hawashuki kabisa.

Mama Vitumbua (Kirumba)
Na huyo kijana akisafiri?

Mleta mada
Mwezi uliopita alikwenda msibani Ukerewe siku nne. Niliuza chipsi mayai.