Msaada: kipima mwanga kipi kwa taa za kukuzia mchicha ndani?

Mchicha_Ughaibuni: Wakuu, habari za humu. Nipo Minnesota, Marekani, na baridi ya huku mnaisikia. Chini ya nyumba nina rafu mbili: ya juu mchicha chini ya taa nyeupe za LED, ya chini miche ya pilipili mbuzi chini ya ile taa ya zambarau, yenye nyekundu na bluu. Mchicha unarefuka tu, vishina kama uzi, unalala. Nataka kupima badala ya kukisia. Mtandaoni kuna vipima laksi (kipimo cha mwanga wa kawaida) vya dola 30 hivi, na vingine vya PAR (mwanga unaotumiwa na mimea) zaidi ya dola 500. Ninunue kipi? Au apu ya simu inatosha?

Kitalu_Arusha: Mkuu, laksi hufuata jicho la binadamu, ambalo linaona vizuri zaidi kijani, karibu urefu wa wimbi wa nanomita 555. Mmea hauna habari na jicho lako. Unatumia fotoni (chembe za mwanga) za nanomita 400 hadi 700, na hiyo ndiyo PAR. Idadi inayoangukia mita moja ya mraba kwa sekunde huitwa PPFD, kwa mikromoli. Sasa taa ya zambarau imejaa rangi ambazo jicho linazidharau, kwa hiyo kipima laksi kitaionea. Kitakuambia ni hafifu wakati mmea unashiba. Kama unayo hela, chukua kipima PAR cha Apogee, usahau.

FundiTaa: Dola 500 kwa rafu mbili? Si bora anunue mchicha dukani! Kwa taa nyeupe laksi inatosha kabisa. Soma, kisha gawa kwa 70 hivi: laksi 14,000 ni kama mikromoli 200. Ila kigawanyo hicho ni cha LED nyeupe tu. Jua ni 54, na taa za sodiamu ni 82 hivi. Hata ukikosea asilimia kumi, mchicha hautakushtaki.

Halafu usiamini "wati 1000" za kwenye boksi. Chomeka kipima wati ukutani uone taa inakula ngapi kweli. Nyingi hazifiki hata 150.

Mchicha_Ughaibuni: Asanteni. Apu inaniambia laksi 9,000 juu, 2,500 chini.

Kitalu_Arusha: Ya chini achana nayo, haina maana kwa taa ile. Ya juu ni mikromoli 130 hivi. Mche wa pilipili ungevumilia, lakini mchicha ni mmea wa jua kali, na jua la mchana huku kwetu hufika 2,000. Lenga 300 kwa saa 16. Zidisha 300 kwa sekunde 3,600, kisha kwa saa 16, unapata moli 17 kwa siku. Kwa mboga ya majani hapo pazuri. Na usipunguze saa: aina nyingi za mchicha zikiona siku fupi hukimbilia kutoa maua.

Bi_Mkubwa_Kilifi: Mwanangu, simu ni ya kulinganisha tu, hapa na pale. Sensa ya kila simu ina tabia yake, na ukiiinamisha kidogo namba inakimbia. Baadhi ya apu hutaka uweke kipande cha karatasi nyeupe juu ya kamera ili mwanga utawanyike. Je, uliweka?

Mchicha_Ughaibuni: Hapana, shikamoo Bi Mkubwa. Nitarudia. Nimeamua kuchukua kipima laksi, na ile taa ya zambarau niibadilishe kwa nyeupe. Bado nitakuwa nimetumia pesa kidogo kuliko kununua kipima PAR. Je, napimia wapi, katikati ya rafu?

Bi_Mkubwa_Kilifi: Marahaba. Pima kila mahali. Lile duara jeupe la kipima litazame juu, liwe usawa wa ncha za majani, si juu ya meza. Anza katikati, kisha pembe zote nne. Pembeni mwanga hupungua sana, hapo weka pilipili na katikati mchicha. Ukishusha taa, pima upya pembe, maana ikikaribia mno katikati panaungua na pembeni panabaki giza.

FundiTaa: Na avue miwani ya jua kabla ya kusoma namba 😂 Mkuu, kipima kikifika kipeleke juani saa sita, siku isiyo na wingu. Kikikupa chini sana ya laksi 100,000 wakati wa kiangazi, kirudishe dukani.